Kuzunguka visiwa vya Lamu: ujue maji kwanza, chombo baadaye

Ndugu uliyeuliza kama mgeni anaweza kuzunguka Lamu, Manda na Pate bila kukodi boti ya peke yake kila siku, inawezekana kabisa, mradi ujue kwanza saa za maji kujaa na kupwa, kisha ndipo uchague chombo. Wageni wengi hufanya kinyume, wakalipia boti asubuhi halafu wakashinda wakiyangoja maji.

Kufika si kazi. Mabasi ya Mombasa hupitia Malindi, Garsen na Witu hadi gati la Mokowe, na ndege hutua kisiwani Manda. Kotekote unamalizia kwa boti hadi mji wa Lamu. Pale Mokowe panda boti ya abiria pamoja na wenyeji, usimfuate kijana wa kwanza atakayelishika begi lako, kwani huyo anakupeleka kwenye boti ya kukodi.

Mjini Lamu utatembea kwa miguu. Vichochoro vya mji wa kale, uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, ni vyembamba kiasi kwamba punda akija na mizigo ubavu huu na huu, huna budi kujibanza mlangoni mwa mtu. Ukisikia "Simile!" nyuma yako, sogea kwanza, utazame baadaye. Shela iko mwendo wa kilomita tatu hivi kwa kufuata ufuo, ila maji yakijaa sana sehemu ya njia hufunikwa, na hapo boti ndiyo nafuu.

Magofu ya Takwa, kisiwani Manda, yanahitaji hesabu zaidi. Chombo huingia kwa mkono wa bahari unaopenya katikati ya mikoko, na huingia maji yakiwa yamejaa tu. Yakianza kutoka, mizizi iliyokuwa imezama huchomoza ikiwa na chaza walioganda juu yake, baharia huinua injini, akashika pondo na kusukuma tope. Ukikawia huko magofuni mtapwelewa, na hakuna ujanja ila kusubiri maji yarudi. Kwa hiyo nahodha anayekuambia "twende tu, saa yoyote" mimi simpandi. Napenda yule anayetaja saa ya kuondoka na saa ya kurudi kabla hata ya kutaja bei.

Pate ndiko kunakostahili siku zako nyingi. Boti za abiria hutoka Lamu kupitia mlango wa Mkanda, kati ya Manda na bara, zikielekea Mtangawanda, Faza na Kizingitini. Mlango huo umechimbwa na safari imekuwa nyepesi kuliko zamani, lakini mbele ya mji wa Pate maji bado ni haba, ndiyo maana watu wengi hushukia Mtangawanda, wakaenda mjini kwa miguu au kwa bodaboda. Kutoka Pate unaweza kutembea hadi Siyu, penye ngome kongwe. Anza mapema, maana jua la huko halina huruma, na uchukue mwenyeji, kwa kuwa vijia vya mashambani hugawanyika mara kwa mara.

Kuhusu jahazi la tanga, ambalo najua ndilo ulilokuwa ukiliota, angalia upepo. Pate na kisiwa cha Kiwayu viko kaskazini mashariki ya Lamu, basi wakati wa kusi, upepo utokao kusini, utakwenda vizuri na kurudi kwa taabu, na wakati wa kaskazi, upepo utokao kaskazini, ni kinyume chake. Kusi ikikolea, hasa Juni na Julai, bahari ya nje huchafuka, na mtu asiyezoea abaki milangoni, kwenye maji yaliyokingwa na visiwa. Majira yoyote yawayo, usipande kabla ya kuona maboya ya kujiokolea kwa macho yako.

Ukilala Faza au Kizingitini, mtafute nahodha jioni umuulize boti itaondoka saa ngapi kesho, wala usitegemee saa ya jana, kwa sababu maji huchelewa takriban dakika 50 kila siku. Huenda akakuambia ni usiku wa manane. Basi mwombe mwenyeji wako akuamshe, na mahali pa kulala usipachague mbali na gati.