Maswali na majibu: karata za taroti na sala ya kutafakari

Bwana asifiwe. Kumbukumbu la Torati 18 inakataza kutazama bao na kubashiri. Mkristo anashikaje karata za taroti, zile za picha ambazo wengi huzipigia ramli?

Amina. Katazo hilo linabaki palepale, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, aya ya 2116, nayo inakataa kila namna ya uaguzi. Anayekaa mbele ya karata akiuliza "nitaolewa lini?" anapiga ramli, hata kama ameanza na Baba Yetu na mshumaa unawaka. Tunachozungumzia hapa ni kuitazama picha kwa utulivu mbele za Mungu, kama wengine wanavyotafakari mbele ya picha takatifu. Karata haiulizwi kitu.

Karata hizi zilianza kaskazini mwa Italia karne ya 15 kwa ajili ya mchezo. Kuzipigia ramli kulienea baadaye, Ufaransa, karne ya 18. Historia hiyo haizitakasi, ila inaeleza kwa nini zimejaa picha za Kikristo: malaika wa Hukumu na parapanda yake (1 Wakorintho 15:52), viumbe wanne wa Ezekieli kwenye pembe za karata ya Ulimwengu, na fadhila tatu kati ya zile nne kuu, yaani Haki, Nguvu na Kiasi. Busara haimo, hiyo itabidi uje nayo mwenyewe.

Kama dhamiri inakusuta, au mchungaji wako amekukataza, acha. Soma Warumi 14:23. Njia za kutafakari ni nyingi.

Nianze na karata zote 78?

Hapana. Tenga zile 22 kuu, zenye majina kama Hukumu na Ulimwengu, nyingine 56 ziweke kando kwa miezi miwili mitatu. Hizo 56 zina rangi nne, kila rangi karata 14, na mcheza karata hatapotea: vikombe ndiyo kopa, sarafu ndiyo uru, fimbo ndiyo pau, panga ndiyo shupaza. Ukifika huko, chukua seti yenye mandhari kwenye kila karata, kama ile aliyoichora Pamela Colman Smith, iliyotolewa London mwaka 1909. Katika seti za mtindo wa Marseille, ule wa zamani wa Kifaransa, vikombe vitano ni vikombe vitano tu vimepangwa, na anayeanza huchoka haraka.

Kipindi kimoja kinakwendaje, hatua kwa hatua?

Tenga dakika 25 na usizidishe. Utaratibu wetu umeegemea lectio divina, yaani kusoma Maandiko kwa sala, ambayo mtawa Guigo wa Pili aliipanga katika ngazi nne karne ya 12: kusoma, kutafakari, kuomba, kutulia.

Neno litangulie. Soma somo la siku, mistari kumi hivi, mara mbili, kabla hujagusa karata. Wengi hufanya kinyume: huvuta karata kwanza, kisha wanatafuta mstari wa kuifuata, na hapo karata imekuwa mwalimu na Biblia imekuwa mpambe wake. Baada ya somo, kaa kimya dakika mbili, changa karata, vuta moja. Ikitoka kichwa chini, igeuze isimame. Maana za karata zilizopinduka ni mambo ya wapiga ramli, hapa hazina kazi.

Kisha tazama dakika tano bila kutafsiri. Tuseme somo ni la wale wawili wa njia ya Emau, Luka 24, na karata, kwa aliyekwisha kufika kwenye zile 56, ni Vikombe Vitano. Andika kinachoonekana tu: mtu wa joho jeusi, kichwa kimeinama. Vikombe vitatu vimemwagika mbele yake. Viwili vimesimama nyuma, hajavigeukia. Kuna mto, daraja, na jengo ng'ambo. Usiandike "huzuni" wala "tumaini". Hayo ni maoni, na yakiwahi kuandikwa macho huacha kufanya kazi.

Sasa jiulize jicho lako limegandia wapi, na mahali hapo panagusa nini katika somo. Wale wawili wanasema walikuwa wakitumaini, tayari kwa wakati uliopita, na huku anayewapa tumaini anatembea nao. Wewe leo unahesabu vikombe gani? Jibu lake mwambie Mungu kwa sauti, kwa maneno yako, dakika tano. Dakika zinazobaki geuza karata kifudifudi na ukae kimya. Hatua hii ndiyo inayorukwa sana, na bila hiyo umefanya zoezi la kuchambua picha, basi.

Kijitabu cha maana kinachouzwa pamoja na karata kiache ndani ya boksi.

Je, nizifunge kwa hariri, nizianike mwezini, au nimwombe padri azibariki?

Hapana. Ni karatasi. Zikichafuka, zifute kwa kitambaa kikavu.

Karata ya Mtawa imenijia mara tatu wiki hii. Mungu ananiambia nini?

Kwanza tazama unavyochanga. Karata za taroti ni kubwa kuliko za kawaida, na watu wengi huzihamisha mafungu mafungu mkononi. Karata uliyoirudisha juu hubaki karibu na juu. Zimwage mezani kifudifudi, uzikoroge kwa viganja vyote viwili kwa dakika nzima.

Pili, hesabu. Ukivuta moja kila siku kati ya 22 na kuirudisha, kufikia siku ya sita uwezekano kwamba kuna karata, yoyote ile, iliyokwisha kujirudia umevuka nusu, takriban asilimia 53. Mara tatu kwa wiki ni nadra zaidi, lakini kwa uchangaji mbovu si ajabu. Itazame tena kama ya jana, uone ulichokosa, na usiipe cheo cha nabii.

Nimevuta Kifo nikashindwa kulala.

Pole, ndugu. Karata hiyo haina habari za mtu yeyote. Itazame mchana: mifupa iliyovaa deraya juu ya farasi mweupe, mfalme ameanguka, askofu amesimama amekutanisha viganja, mtoto amepiga magoti. Mbali, katikati ya minara miwili, jua. Isome pamoja na Zaburi 90. Hofu ikizidi siku mbili, iondoe karata hiyo kwenye seti kwa sasa, umweleze mtu anayekuongoza kiroho. Kujilazimisha si ushujaa.

Mitume walipiga kura kumpata Mathiya. Kwa nini mimi nisiamue kwa karata?

Soma Matendo 1 tena. Walianza na sifa: awe alikuwa pamoja nao tangu ubatizo wa Yohana. Wakabaki wawili, wakaomba, ndipo wakapiga kura. Baada ya Pentekoste Agano Jipya halitaji tena kura ya kuchagua viongozi. Katika Matendo 6 watu wanachagua, katika Matendo 15 wanajadiliana. Kwa maamuzi tumia kanuni ya Mtakatifu Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti: wakati wa ukiwa wa moyo, usibadilishe ulichoamua ukiwa na faraja. Karata inaweza kukuonyesha uko katika hali gani. Iishie hapo.

Rafiki yangu anataka nimsomee.

Kataa kwa upole. Ukimsomea mwingine, hata kwa nia njema, ndani ya dakika kumi unakuwa mwenye siri zake, na sifa huja upesi. Mnaweza kukaa wote mbele ya karata moja, kila mtu akatazama na kusema lake, bila kumfasiria mwenzake.

Nitajuaje kama nimeteleza na kuingia kwenye ramli?

Dalili ni tatu. Unavuta karata ya pili kwa sababu ya kwanza haikukupendeza. Huwezi kutoka nyumbani kabla hujavuta. Jioni unakumbuka karata na umesahau somo. Hii ya tatu ndiyo tunayoiamini kuliko zote, kwa kuwa haina visingizio. Ukiona hata moja, zifungie kabatini kwa siku 40, uendelee na somo na ukimya kwa saa ileile. Siku hizo zikiisha na sala inakwenda vizuri, huna haraka ya kuzitoa.