Maswali ya Wasomaji: Intaneti Kupitia Nyaya za Umeme

SWALI: Ndugu Mhariri, nyumba yetu iliyoko Uyole, Mbeya, ina kuta nene za matofali ya kuchoma, na ruta ipo sebuleni. Runinga ya chumba cha nyuma na mashine ya michezo ya watoto hupata Wi-Fi hafifu, hata filamu hukatika kila mara. Nimesikia kuwa zipo adapta zinazopitisha intaneti kwenye nyaya za umeme. Je, zitatufaa, na je, zitafika kwenye banda la uani lenye mita yake ya LUKU?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa chumba cha nyuma zitawafaa, mradi nyaya za nyumba ziwe nzima. Umeme wa nyumbani hutetema mara 50 kwa sekunde, ilhali adapta hubeba data kwa masafa yanayoanzia takribani megahezi 2 hadi 30 (yaani mitetemo milioni 2 hadi 30 kwa sekunde), na nyingine hupanda zaidi ya hapo, hivyo vyote viwili hupita katika waya uleule bila kuchanganyika. Adapta moja huchomekwa karibu na ruta na kuunganishwa nayo kwa kebo ya mtandao, na ya pili huwekwa nyuma ya runinga. Kwa kuwa mna vifaa viwili chumbani humo, chagueni yenye matundu mawili ya kebo. Kisha bonyezeni vitufe vya kuoanisha ili adapta zenu zipate ufunguo wao wa siri, maana mawimbi haya huweza kuvuka hadi kwa jirani.

Jambo linaloharibu kazi hii kuliko mengine ni kuchomeka adapta kwenye ekstensheni yenye kinga ya umeme mkubwa, kwa sababu vichujio vya kinga hiyo hudhoofisha masafa yaleyale yanayobeba data. Ichomekeni moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, na chaja za simu zilizo jirani ziondoeni, kwani baadhi yake huleta kelele kwenye waya.

Msinunue kwa kutazama namba iliyoandikwa kwenye boksi. Adapta inayotangazwa kuwa ya megabiti 600 kwa sekunde hutoa pungufu sana ya hapo, na nyingi za namna hiyo zina tundu la kebo lisilozidi megabiti 100. Hata hivyo, filamu ya picha safi ya 1080p hutosheka na takribani megabiti 5, kwa hiyo kinachotakiwa hasa ni mwendo usioyumba. Kuhusu uniti, adapta mbili zinazotumia wati 3 kila moja zitakula uniti 4 na kidogo kwa mwezi mzima.

Radi za Mbeya wakati wa masika zinanipa wasiwasi zaidi. Kwa kuwa adapta haiwezi kukaa nyuma ya kinga, mawingu yakianza kunguruma chomoeni adapta zote pamoja na kebo inayoingia kwenye runinga, kwani kupitia kebo hiyo umeme wa radi huweza kuifikia runinga hata ikiwa waya wake wa umeme umekwisha kuchomolewa.

Banda la uani ni suala jingine. Mawimbi yatalazimika kupita mita mbili za umeme, na huenda banda limeunganishwa kwenye fezi (waya wa moto wa njia ya umeme) tofauti na ya nyumba, jambo linaloyadhoofisha zaidi. Ningekushauri uchimbe mtaro na kulaza kebo ya faiba, yaani nyuzi za kioo zinazopitisha data kwa mwanga, ndani ya bomba la plastiki, ukiweka kila upande kigeuzi cha kuiunganisha na kebo ya mtandao. Ni ghali kuliko kebo ya shaba, lakini kioo hakipitishi umeme wa radi kutoka jengo moja hadi jingine.