Tiida inayozima kwenye foleni: nilivyosafisha throto mwenyewe nyumbani

Mkuu uliyesema Nissan Tiida yako inazima ukiachia mafuta kwenye foleni na fundi kakwambia ununue throto nzima (mlango unaopitisha hewa kwenda kwenye injini), shika hela yako kwanza. Yangu ni Tiida hiyo hiyo, injini HR15DE, na mwaka juzi ilinifanyia mchezo huo huo. Sailensa (mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta) inapanda na kushuka, gari inatetemeka kama ina homa, ukiwasha AC ndiyo inazima kabisa. Nikabadilisha plagi zote, nikabadilisha koili moja, hela ikaenda na ugonjwa ukabaki palepale.

Nilielewa siku nilipofungua bomba la hewa linalotoka kwenye filta. Ndani kuna kisahani cha mviringo, na kingo zake zilikuwa na masizi kama ya kitako cha sufuria ya kuni, ila haya yanateleza ukiyagusa. Mengi ni mvuke wa oili ya injini yenyewe, unaorudishwa ndani ili ukachomwe. Sasa injini ikiwa kwenye sailensa, kisahani kinakuwa kimefungwa karibu kabisa, hewa inapita kwenye upenyo mwembamba pembeni. Masizi yakijaa hapo injini inakosa pumzi. Ukikanyaga mafuta kisahani kinafunguka, ndiyo maana barabara kuu gari inakimbia vizuri na fundi anakuona unamzushia.

Kazi yenyewe ni nusu saa. Injini ipoe, swichi iwe OFF. Chomoa soketi ya sensa ya hewa, legeza klipu, toa bomba. Nunua dawa ya kopo ya kusafishia throto kwenye duka la spea. Petroli achana nayo, na dawa hiyo isiguse sensa ya hewa, yenyewe ina dawa yake. Mimi napulizia kwenye tambara la fulana kuukuu, kisha nafuta. Ukipuliza moja kwa moja ndani inatuama kwenye manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda) na gari inaweza kugoma kuwaka. Kwenye kona tumia mswaki laini.

Ili kufuta upande wa nyuma lazima kisahani kifunguke. Hapa wengi wanakisukuma kwa kidole. Usifanye hivyo. Throto hii ni ya umeme, kuna mota na gia ndogo za plastiki humo. Rudisha soketi ya sensa, mwambie mtu aweke swichi ON bila kuwasha injini, akanyage pedeli mpaka chini. Mimi nilimweka mdogo wangu, nikamwambia asiachie mpaka nitoe mkono. Akapigiwa simu, akaachia. Kilibana tambara tu, namshukuru Mungu.

Nikarudisha kila kitu, nikawasha. Moshi kidogo, sawa. Halafu sailensa ikakaa mizunguko 1,800 kwa dakika na haishuki! Ukitia D gari inaruka. Nilijua nimeua gari.

Kumbe kompyuta ya gari, kadiri masizi yalivyokuwa yanaongezeka, ilikuwa inakifungua kisahani kidogo zaidi kufidia. Umeyatoa masizi, yenyewe bado inafungua kwa mazoea yale yale, hewa inazidi. Inabidi uifundishe upya. Mwenye mashine ya kupimia anabonyeza tu, lakini hata mguu unatosha.

Pasha injini mpaka joto la kawaida, gia P, usukani umenyooka, AC, redio na taa vyote vimezimwa. Zima. Weka ON sekunde 2, OFF sekunde 10, rudia mara moja tena. Kwenye ile OFF sikiliza, throto inalia kidogo ikijipanga. Sasa washa injini kidogo ipate joto tena, zima, subiri sekunde 10. Weka ON bila kuwasha, hesabu sekunde 3, kisha kanyaga pedeli mpaka chini na kuachia mara 5, zote ndani ya sekunde 5. Tulia sekunde 7. Kanyaga mpaka chini na ushikilie: taa ya cheki injini itaanza kupepesa, na baada ya sekunde kama 20 itaacha kupepesa na kuwaka moja kwa moja. Hapo una sekunde 3 tu za kuachia pedeli, kisha washa injini. Iache ingurume sekunde 20, kisha piga resi mara mbili tatu.

Usikisie muda, tumia saa ya simu. Mimi nilikosea mara tatu, nilikuwa nahesabu mdomoni kwa haraka ya wasiwasi. Ya nne mshale ukashuka wenyewe taratibu hadi 700 na kitu, ukatulia. Nikawasha AC, ukacheza kidogo, ukarudi.

Wenye gari za zamani ambazo waya wa mafuta unatoka kwenye pedeli hadi kwenye throto mara nyingi hawana haja ya huu mchezo, wao wanafuta tu. Na wewe mkuu, kabla hujanunua dawa, washa gari usikilize mabomba ya hewa kuanzia throto kwenda kwenye injini. Ukisikia mlio wa "sssss", kuna bomba limepasuka, na hapo hata usugue throto kutwa nzima sailensa haitatulia.