Jaribio linapita likiwa peke yake, likiwa na wenzake linafeli

Msomaji ameniandikia wiki hii: ana jaribio la msimbo wa Python linalohakikisha kwamba onyo limeandikwa kwenye logi, yaani kumbukumbu za programu. Akiliendesha peke yake linapita. Akiendesha yote, `caplog.records`, orodha ya ujumbe wa logi ambao zana ya majaribio pytest hukamata, inakuwa tupu. "Dada, nimechoka, nalifuta."

Usilifute! Nimewahi kugombana na watu kwa ajili ya jaribio kama hilo, na kusema kweli bado linaniuma.

Letu lilihusu malipo: yakikataliwa, onyo liandikwe. Likifeli, kiongozi wa timu alisema "endesha tena", likipita tunaendelea na mengine. Niliposema kuna kitu kinachafua logi, nikaambiwa mbele ya wenzangu kwamba natafuta kisingizio cha kuchelewesha kazi. Nikanyamaza, nikachimba. Sitawachosha na uchimbaji wenyewe. Mwishowe niliweka mstari mmoja tu juu ya ukaguzi:

`print(logging.getLogger("malipo").disabled)`

Ikatoka `True`. Loga, yaani kile kinachoandika ujumbe kwenye logi, ilikuwa imezimwa kabla jaribio langu halijaanza, na aliyeizima ni jaribio la faili jingine kabisa, lililowasha programu nzima na kuita `dictConfig`, ambayo hupanga logi, ndani yake. Yule kiongozi alisoma maelezo yangu, akakubali mabadiliko, hakusema neno. Sawa.

Mipangilio ya logi katika Python ni mali ya mchakato mzima, kama bomba moja la maji linalohudumia nyumba zote: jirani akifunga koki, kwako hakutoki kitu. Usipoandika `disable_existing_loggers: False`, `dictConfig` huzima kila loga iliyokwisha kuundwa ambayo haikutajwa kwenye mpangilio, wala mzazi wake hakutajwa. Na haifufuki yenyewe jaribio likiisha. Ongeza mstari huo leo.

Kisha acha kutegemea loga ya mzizi, ile iliyo juu ya loga zote. `caplog` hutundika hendla yake, yaani kipokezi cha ujumbe, pale mzizini, kwa hiyo mtu akiweka `propagate = False` kwenye loga yako (isipeleke ujumbe juu), ujumbe haufiki. Mimi siku hizi natundika hendla yangu moja kwa moja kwenye loga yenye jina ninayoipima. Nahifadhi kiwango chake, `propagate` na `disabled`, naweka ninavyotaka, nakamata ujumbe, halafu kwenye `finally` narudisha kila kitu kilivyokuwa. `assertLogs` ya unittest (zana ya majaribio inayokuja na Python), iliyopo tangu Python 3.4, hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, ila haigusi `disabled`. Wengi hawalijui hilo, wanaishia kuilaumu zana.

Na nyinyi waandishi wa maktaba, acheni kuita `basicConfig`, ambayo nayo hupanga logi, moduli inapoingizwa tu. Logi si zenu, ni za mwenye programu. Jaribio linalopita kwa bahati ni baya kuliko kukosa jaribio, maana linakupa usingizi usiostahili. Nimelisema hili mpaka watu wamenichoka, na nitaendelea kulisema.

Wewe uliyeniandikia, anza na `disabled`. Ikiwa ni `False`, tazama `propagate`. Zote zikiwa salama, chapisha `logging.root.manager.disable`: ukiona 50 badala ya 0, kuna mtu aliita `logging.disable(logging.CRITICAL)` ili apunguze kelele kwenye majaribio yake, akaondoka bila kuirudisha.