Skripti ya kwanza ya Python: dirisha jeusi linatokea na kupotea

Mkuu, umeuliza kwa nini skripti yako ya kwanza ya Python (lugha ya kuandikia programu za kompyuta) ukiibofya mara mbili inafungua dirisha jeusi linalopotea hapo hapo. Pole, lakini na hongera pia. Dirisha hilo jeusi kutokea, hata kama ni kufumba na kufumbua, maana yake Python imo kwenye laptopu yako na Windows imelitambua faili lako. Mimi kufika hapo tu kulinichukua siku tatu, nitakueleza kwa nini.

Mdau aliyekujibu wa kwanza amekwambia uongeze input(), amri inayosubiri mtu aandike kitu, mwisho wa faili ili dirisha lisifunge. Si ushauri mbaya, ila kwako hautafanya kazi. Angalia mistari uliyotubandikia:

trei = 3
bei = 8000
print("Jumla ni " + trei * bei)

Python inasoma kutoka juu kushuka chini. Ikifika mstari wa tatu inagoma, inaandika kilichoikera, inaondoka. Hiyo input() ukiiweka mstari wa nne haitafikiwa. Kwa hiyo tatizo lako limeandikwa wazi kabisa ndani ya lile dirisha, ila linafungwa kabla hujalisoma.

Acha kubofya faili mara mbili. Fungua folda ulimolihifadhi, bofya ule upau wa juu unaoonyesha njia ya folda, futa kilichomo, andika cmd kisha gonga Enter. Litafunguka dirisha jeusi, na hili halikimbii. Uzuri wake ni kwamba limeshasimama ndani ya folda yako, huna haja ya kuhangaika na cd, amri ya kuhamia folda nyingine. Andika dir kwanza uone majina ya mafaili yaliyomo. Halafu:

py mayai.py

Hiyo py ndiyo inayoiita Python iendeshe faili. Badala ya mayai weka jina la faili lako. Nimeijaribu skripti yako kwenye mashine yangu, na mstari wa mwisho ulionijia ni huu:

TypeError: can only concatenate str (not "int") to str

Juu yake kuna maneno mengine na namba ya mstari wenye kosa, line 3. Zoea kusoma kosa la Python kuanzia chini. Mstari wa mwisho unakwambia kosa gani, wa juu yake unakwambia liko wapi. Wengi tunaona Kiingereza kirefu cha herufi nyeupe tunakimbia, kumbe kinachohitajika ni hivyo viwili tu.

Hapo inasema hivi: alama ya + kati ya namba mbili inajumlisha, kati ya maandishi mawili inaunganisha. Wewe umeweka maandishi upande huu na namba 24000 upande wa pili, na Python haikubali kukisia ulitaka lipi. Ondoa +, weka mkato:

print("Jumla ni", trei * bei)

Endesha tena, utapata Jumla ni 24000. Nafasi kati ya neno na namba inaiweka yenyewe.

Sasa zile siku tatu zangu. Niliandika skripti kwenye Notepad, nikaihifadhi kwa jina salamu.py, kwenye folda naiona kabisa salamu.py. Nikiiendesha naambiwa No such file or directory. Nikafuta Python, nikaisakinisha upya, mara mbili, kwa bando la kuungaunga. Siku ya tatu nikaandika dir kwa bahati tu, nikaona jina halisi: salamu.py.txt. Notepad ilikuwa imenibandikia mkia wake, na Windows kwa kawaida inaficha mikia ya mafaili inayoyajua. Ndiyo maana nimekwambia uanze na dir. Kama unatumia Notepad, wakati wa kuhifadhi badilisha aina ya faili iwe All Files. Au achana nayo, tumia IDLE inayokuja na Python yenyewe: unaandika, unahifadhi, unagonga F5, majibu yanabaki mbele yako. Mdau aliyekushauri upakue VS Code, programu kubwa ya kuandikia msimbo, ana nia njema, na mimi naitumia kila siku, lakini kwa mtu wa mistari mitatu ni kumwongezea kitu kingine cha kuharibika.

Kingine utakachokutana nacho wiki hii: ukiona alama >>> mbele ya kishale, upo ndani ya Python. Pale huandiki py mayai.py, utapewa SyntaxError, yaani kosa la uandishi. Andika exit() utoke kwanza. Na usinakili msimbo kutoka Word. Zile alama za kunukuu zilizopinda Python haizitambui. Ukikuta video inaandika print bila mabano, ni ya Python 2, ambayo iliachwa rasmi 2020. Ifunge tafuta nyingine.

Najua hatua yako inayofuata kwa sababu kila mtu anaipitia: utataka skripti ikuulize idadi ya trei badala ya kuiandika ndani. Utaandika trei = input("Trei ngapi? "). Mimi nilifanya hivyo kwenye hesabu za kikoba cha mama mdogo, yeye ndiye mweka hazina. Nimemwita aje aone maajabu, hisa moja shilingi 5000. Ikauliza hisa ngapi, nikaandika 3, nikagonga Enter kwa mbwembwe. Skrini nzima ikajaa 333333333 mpaka ikawa inashuka yenyewe. Mama mdogo akainama akatazama, akaniuliza, "Mwanangu, hizi ni shilingi au namba za simu?"

Kilichotokea ni kwamba input() inarudisha maandishi siku zote, hata ukiandika namba. Na maandishi "3" mara 5000 kwa Python ni herufi 3 iliyorudiwa mara elfu tano. Wala haikulalamika, ilifanya nilichoiambia. Mbaya zaidi, kosa la namna hii halikupi mstari wa kusoma. Dawa ni kuizungushia int, inayogeuza maandishi kuwa namba:

trei = int(input("Trei ngapi? "))

Hesabu mabano ya kufunga pale mwisho, ni mawili. Ukisahau moja, matoleo ya sasa yatakwambia bano halikufungwa, ila ya zamani kidogo yatalaumu mstari unaofuata ambao hauna kosa lolote, utautazama mpaka macho yaume.

Jaribu leo kwa utaratibu huo: dir, kisha py na jina la faili. Ikigoma, nakili maneno yote ya kosa uyabandike hapa pamoja na skripti yako. Usipige picha skrini kwa simu kwa upande, maana ile ya jana nimeikuza mpaka nikaona kidole chako, mstari wa mwisho sikuuona.