Karatasi ya mahudhurio si karatasi ya ridhaa: maswali ya wasomaji kuhusu kijiji na kura

Ndugu Mhariri, mkutano mkuu wa kijiji chetu haujaitishwa tangu kabla ya mavuno yaliyopita. Tunachangishwa fedha za darasa, na asiyetoa mgambo wanachukua mbuzi au baiskeli yake. Tukimuuliza mtendaji, anasema halmashauri ya kijiji imeshapitisha. Ni sawa? – Mkulima wa kahawa, Buhigwe

Si sawa. Halmashauri ya kijiji ni watu 15 hadi 25, nao hukutana kila mwezi. Mkutano mkuu ni ninyi wote wakazi mliotimiza miaka 18, na hautakiwi kupita miezi mitatu bila kuitishwa. Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287 ya sheria za Tanzania, kauli ya juu kijijini ni ya mkutano mkuu, na ndio unaoweza hata kuwaondoa wajumbe wa halmashauri. Mtendaji ni mwajiriwa. Hamkumchagua, na hana kura ya kuwaamulia.

Mchango wa hiari ni jambo moja. Mchango wenye adhabu ni jambo jingine, maana unahitaji sheria ndogo. Rasimu yake huandaliwa na halmashauri ya kijiji, hupelekwa mkutano mkuu ikajadiliwa na kukubaliwa, kisha huenda halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Ikirukwa hatua moja, faini haina mashiko, na mbuzi aliyekamatwa amekamatwa bila sheria. Kwa hiyo msibishane na mgambo barabarani. Ombeni nakala ya sheria ndogo yenyewe, yenye muhuri wa wilaya.

Ombi liwe la maandishi. Barua iende kwa mwenyekiti wa kijiji, nakala kwa diwani na kwa mtendaji wa kata, ikitaja mambo matatu tu: tarehe ya mkutano mkuu, taarifa ya mapato na matumizi, na nakala ya sheria ndogo ya mchango. Chapeni au andikeni mbili. Moja ibaki ofisini, nyingine irudi kwenu na muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Wakikataa kugonga muhuri, aliyeipeleka aandike nyuma ya nakala siku, saa na jina la aliyeipokea, na shahidi atie saini. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Na. 6 ya 2016 inampa raia haki ya kujibiwa ndani ya siku 30, na siku hizo mtazihesabu kwa muhuri huo. Zikipita kimya, mpelekeeni mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya nakala ile ile. Manung'uniko ya kilabuni hayana tarehe ya kupokelewa.

Siku ya mkutano, msiridhike na jumla iliyosomwa haraka haraka jua likiwa linazama. Ulizeni stakabadhi za michango zinaanzia namba ipi na kuishia namba ipi, benki zimeingia shilingi ngapi, na kila manunuzi yana risiti gani. Kama yametajwa mabati, ulizeni ni mangapi, ya geji gani, na nani aliyapokea stoo. Taarifa yenye “matumizi mengineyo, shilingi laki nne” haijasomwa hiyo, irudishwe ikachambuliwe.

Kisha kuna mtego ambao vijiji vingi huumizwa nao. Karatasi ya mahudhurio huzungushwa mwanzoni, watu husaini, na baadaye huambatishwa kwenye muhtasari wa jambo ambalo halikuzungumzwa kabisa. Dawa yake ni rahisi: juu ya kila ukurasa iandikwe jina la kijiji, tarehe na ajenda za siku hiyo, chini ya jina la mwisho upigwe mstari ili asiongezwe mtu. Mkutano unaofuata uanze kwa kusoma muhtasari uliopita na kuuthibitisha. Atakayesema “tuuruke, muda hautoshi”, msimkubalie.

Halmashauri ya kijiji imempa mfugaji mgeni eneo letu la akiba. Sisi tulijua ng'ombe walipoingia. – Wakazi, Uvinza

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 haimruhusu yeyote kugawa ardhi ya kijiji kabla mkutano mkuu haujaridhia. Halmashauri inaisimamia tu kwa niaba yenu. Ombeni muhtasari wa mkutano ulioridhia. Kama haupo, ugawaji una kasoro ya msingi. Kama upo na hamuutambui, linganisheni saini. Mfugaji mwacheni. Mara nyingi naye ametoa fedha akaandikiwa karatasi anayoiamini, na ugomvi wa mapanga hugeuza kosa la ofisi kuwa kesi yenu ya jinai.

Hatua ya kwanza ni baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe saba, wanawake wasiopungua watatu. Hilo linasuluhisha, halitoi hukumu. Baraza la kata nalo, tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, limebaki na kazi ya usuluhishi. Likishindwa, litoe cheti cha kushindikana kwa usuluhishi, mwende nacho baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Anayekwenda wilayani moja kwa moja hurudishwa, nauli imekwisha.

Wazazi wangu walitoka Burundi 1972 na wakapewa uraia wa tajnisi, yaani wa kuomba na kukubaliwa. Jirani ananiambia sisi tusishike kadi ya kura. – Kijana, Ulyankulu

Jirani amekosea. Raia wa tajnisi ni raia, na aliyetimiza miaka 18 anajiandikisha na kupiga kura. Kikwazo ambacho Katiba inakitaja waziwazi ni urais: ibara ya 39 inataka raia wa kuzaliwa. Cheti cha uraia cha wazazi kitunzeni pakavu, toeni nakala kadhaa, maana mtu akiweka pingamizi dhidi ya jina lako kwenye daftari, hicho ndicho kitakachojibu.

Kadi yangu ya mpiga kura imepotea. Na je, ndiyo niliyopaswa kuitumia kumchagua mwenyekiti wa kijiji? – Mama lishe, Urambo

Mama, hayo ni madaftari mawili. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura ni la Tume ya uchaguzi, kwa ajili ya rais, mbunge na diwani. Uchaguzi wa kijiji na kitongoji una orodha yake, inayoandikwa upya karibu na uchaguzi; kwa ule wa 27 Novemba 2024 watu waliandikishwa tarehe 11 hadi 20 Oktoba. Kadi ya Tume pekee haikutosha. Kadi iliyopotea huombewa nyingine wakati wa uboreshaji wa daftari, na aliyehama huhamisha taarifa zake wakati huo huo.

Mama yangu haoni vizuri. Wakala wa chama anasema atamsaidia kupiga kura. – Binti, Ujiji

Asimsaidie. Mama achague mwenyewe mtu anayemwamini, wewe kwa mfano, lakini si wakala wala msimamizi wa kituo. Wewe unaweka alama ya vema pale anapotaka yeye, kisha unanyamaza moja kwa moja. Wazee, wagonjwa, wajawazito na wenye watoto wachanga hawasubiri foleni. Mkifika kabla ya saa 10 jioni, muda wa kufunga kituo, mkakuta mstari mrefu, msiondoke; aliyekuwa kwenye foleni muda huo atapiga kura.

Alama ikiwekwa kwa wagombea wawili, au mtu akiandika jina lake kwenye karatasi, kura imeharibika. Mkono ukiteleza, msiitumbukize kwenye sanduku: irudisheni kwa msimamizi, awape karatasi nyingine.