Sindano ya mgongoni kwa mtoto wa ngiri

Hapana dada uliyeuliza kama sindano ya mgongoni inampoozesha mtoto anayefanyiwa operesheni ya ngiri, haimpoozeshi. Ile anayochomwa chini kabisa ya mgongo, pale juu kidogo ya makalio, ni ganzi tu, wanaiita kaudo, na anachomwa akiwa tayari kalala na nusu kaputi kwa hiyo hata hasikii. Uti wa mgongo wenyewe unaishia juu zaidi ya pale, hata kwa kichanga, na dawa (bupivakaini mara nyingi) inapimwa kwa kilo za mtoto, haivuki miligramu 2.5 kwa kilo. Mimi nesi wa chumba cha upasuaji hapa Dar, hizi naziona kila siku, mtoto wa ngiri aliyechomwa kaudo anaamka katulia kabisa, asiyechomwa wodi nzima inajua ameamka.

Miguu inaweza kuwa milegevu kwa masaa machache na hapo ndo wazazi wanapaniki, inarudi yenyewe, ila kama ganzi ishaisha na bado haichezeshi mwite daktari usisubiri kesho. Ganzi inakaa kama masaa 4 mpaka 6 hivi, sasa msingoje iishe ndo mtafute parasetamo, apewe kabla.

Ila kaudo ni nzuri kwa operesheni za kitovuni kushuka chini. Za juu mara nyingi wanachoma ganzi ya ukuta wa tumbo, hiyo inatuliza ngozi na misuli tu, maumivu ya ndani yanataka dawa nyingine.